Dakika Arobaini kutoka Mombasa

Msellem, nimetoka sasa hivi kwa dada yangu Kazija, hapa Chake, Pemba. Nimekaa garini na siwezi kuondoka.

Baba hakuzikwa adhuhuri. Tangu mwaka 1961 naamini alizikwa adhuhuri, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa nilipofika, siku ya tatu ya msiba.

Waliningoja. Kazija amelisema hilo huku akichambua mchicha: "Tulikungoja mpaka jua likataka kuchwa."

Unaikumbuka barua niliyowaandikia watu wa nyumbani nilipoanza kusomesha Mombasa? Niliwaeleza kwamba kutoka kiwanja cha ndege cha Mombasa hadi cha Wawi, huku kwetu, ni maili themanini na sita, na ndege huchukua dakika arobaini. Hesabu ilikuwa sahihi. Sikuandika kwamba ndege haiji kila siku.

Telegramu ya msiba ilinifikia asubuhi ile ile aliyofariki baba. Ndege ya kwanza ilikuwa keshokutwa yake.

Shehe aliwaambia, "Maiti hangoji eropleni." Ami Kificho akamjibu, "Shehe, kijana msomi yule. Kaandika dakika arobaini."

Dakika arobaini, Msellem. Baba amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, jeneza liko ukumbini, na wanaume wako uani wanatazama juu.

Nimemuuliza Kazija kwa nini hakuna aliyeniambia miaka yote hii.

"Mama alitukataza. Alisema ukijua, hutatuandikia tena."

Nikamwambia ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.