Chai ya Mchumba wa Nadine

Baba Nadine,

Maharage yamo kwenye chungu, nimekizungushia blanketi. Usifunue, yanaendelea kuiva.

Asubuhi Mpawenimana wa Heru Juu alikuja kujitambulisha. Nikampa chai ya moto kwenye kikombe cha bati. Kikaunguza, lakini kwa adabu hakukiweka chini. Alikihamisha mkono huu, mkono ule, akijibu, "Ndiyo, mama," machozi yakimlenga. Nadine akavua kitenge, akakizungushia kikombe.

"Mama, unamuunguza mume wangu!"

Mume! Nadine mwenyewe akaziba mdomo. Tulicheka hadi nikakaa chini.

Nimekimbilia Murungu kumwambia shangazi yake. Ugali songa kwa mwiko wa mti, si kijiko cha chuma.

~~Tunasubiri uamuzi wako.~~ Mimi nimeshakubali.

Mama mkwe