Baba Hajaonja Uji, Mimi Kanzu Hainiingii

Mpendwa Bi Mshauri, assalaam aleikum, naomba uniamulie maana nyumba yetu hapa Gando imegawika. Baba yangu, Mzee Nabhan, alipasuliwa huko bara akatolewa saratani ya umio, ile njia ya chakula, akarudi na mpira tumboni wa kumlishia, na daktari akatwambia tuanze kumwonjesha kwa mdomo, maji kidogo kidogo halafu uji mwepesi, lakini mimi nikaingia kwenye simu nikasoma kwamba zamani wagonjwa kama hawa walizuiwa kula muda mrefu mshono usije ukavuja, na tafiti za karibuni zinaelekea kuwalisha mapema, ila wengine wanasema inategemea mgonjwa na upasuaji wenyewe, basi nikaona tungoje kwanza wataalamu wapatane, na dada yangu Widad akitia uji tu kikombeni namnyang'anya. Tena kuna wageni, kila anayekuja kumkagua baba haji mikono mitupu, jirani yetu Bi Zuweina kaleta bokoboko la ngano na nyama, watu wa kisiwa cha Fundo wameleta pweza wa nazi, na kukataa cha mtu ni kumvunjia heshima, kwa hiyo nakula mimi chumba cha pili kwa niaba ya mgonjwa, na sasa kanzu ya Idi hainiingii. Juzi baba akaniita, "Weye Muhannad, hao watafiti wako nao hula bokoboko? Miye n'na njaa, mwanangu." Widad akacheka, nami nikaudhika. Je, kuwa mwangalifu ni kosa?

Muhannad, Gando

Wa aleikum salaam, Muhannad. Pole kwa maradhi ya mzee. Hofu yako naielewa, mshono ukivuja si mchezo. Pole imekwisha, sasa tusikilizane.

Nani kakuteua mwenyekiti wa tume ya utafiti? Unangoja wataalamu wapatane kama tunavyongoja vyama kisiwani hapa vipatane? Kwa mwendo huo mzee atafika kaburini hajaonja uji. Hao uliowasoma wamesema inategemea mgonjwa. Haya, mgonjwa wenu ana daktari, aliyeushona mshono kwa mkono wake, na kasema aonjeshwe. Wewe mshono umeuona wapi, kwenye simu?

Tena uangalifu wako una tumbo. Kijiko cha uji unakiogopa, pweza wa nazi humwogopi! Wageni waambie, "Ahsanteni, hivi bado hajaruhusiwa, mwombeeni dua." Bi Zuweina hatakufa kwa hilo.

Leo hii mpigie daktari, mkirie kwamba umechelewesha, muulize aanzeje sasa. Akiruhusu, mkalisheni mzee wima, Widad amwonjeshe taratibu kama alivyoagizwa, na mpira uendelee na kazi yake. Akipaliwa, akishikwa na homa au kifua kikimbana, acheni kumwonjesha, mumkimbize hospitali, na simu iwe ya kuitia gari tu.

Mzee kakwambia ana njaa, wewe umeudhika kwa kuchekwa. Umemfungisha saumu baba yako nje ya Ramadhani, naye analala akikusikia unavyofuturu chumba cha pili. Sasa funga wewe, yeye afuturu.