Sampuli ya Saba

Kwako dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Safari hii siulizi hali yako kwa mazoea. Nataka jibu, maana mama ameniambia kwamba siku hizi ukipanda ngazi unapumzika katikati. Mimi mwili ni mzima.

Unakumbuka uliponitembelea kazini, nikakuonyesha kibao cha kioo kisichozidi ukucha wa dole gumba? Ulicheka ukasema nimesoma miaka yote hiyo ili niwachimbie sisimizi mabomba ya maji. Nikakueleza kwamba chembe za damu hupita moja moja kwenye mfereji mwembamba kuliko unywele, nasi tunapima jinsi kila moja inavyozuia umeme. Chembe nzima ina namna yake, yenye ugonjwa ina yake. Nilihitaji damu ya watu kumi wazima. Ulikunja mkono wa blauzi kabla sijamaliza kuomba.

Ulikuwa sampuli ya saba. Tisa zilijipanga vizuri kwenye grafu, yako ikaenda kando. Nilirudia mara tatu, ikaenda palepale. Mkuu wa maabara alikuwa akisubiri matokeo ayapeleke mkutanoni. Basi nikaandika kwamba mfereji uliingiwa na kiputo cha hewa, nikakufuta. Hakukuwa na kiputo, dada.

Wiki iliyopita tulianza kupima damu ya wagonjwa. Nukta zao ziliangukia palepale ilipokuwa yako. Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza yote. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema taratibu, "Kifaa kilisema kweli. Wewe ndiye uliyekinyamazisha."

Matokeo yameondolewa, nami nimesimamishwa kazi. Hayo nimeyatafuta mwenyewe. Kinachonila ni miezi minne ambayo ungekuwa umeshaonana na daktari, huku mimi nikikupigia simu tukicheka.

Jana nilimwomba shemeji akupeleke hospitali, nikasingizia kwamba maabara inataka wote wapimwe upya. Hata hapo nilidanganya. Ulimi ulikataa ukweli, ndiyo maana naandika. Grafu yako imo ndani ya bahasha, mpe daktari. Huenda ni jambo linalotibika. Mimi sijui, na sitakisia tena.

Jumamosi nitakuja. Usipotaka kuniona, nitakaa uani nifue nguo za watoto.

Wasalimie wote. Na tafadhali, usinisamehe haraka kama ulivyozoea.

Ni mimi, mdogo wako.