Vigelegele kwa Msichana wa Kazi

Jumapili, Kathonzweni

Hata chai imenishinda leo.

Vijana wa kanisa wameigiza ule mchezo wangu wa harusi. Kalekye, aliyeigiza msichana wa kazi, ni mweupe wa ngozi. Aliingia na sufuria tu, akina mama wakasimama na kumpigia vigelegele wakidhani ndiye bibi harusi. Na sufuria mkononi! Kisha Mutheu, yule mweusi niliyempa nafasi ya bibi harusi, akaingia na shela na maua. Hakupigiwa hata kigelegele kimoja. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Na huyu ameiba shela ya nani?" Watu wakacheka. Hata pasta.

Baadaye jirani yangu Mama Kioko akanishika mkono. "Mwalimu, mchezo ni mzuri sana. Lakini siku ingine tuwekee bibi harusi wa rangi ya thao, kama Kalekye." Na yeye ni mweusi kunishinda! Nilitaka kumuuliza, siku ya harusi yake yeye aliiba shela ya nani?

Nilidhani nitaandika haya nikicheka. Lakini Mutheu aliporudisha shela, alikuwa ameikunja vizuri sana.

"Mwalimu," akaniambia, "mwaka ujao nipatie ile ya sufuria."