Nyumba Tatu Nilizozibadilisha Kitanga

Kasulu, Alhamisi ya Februari. Mvua imekatika alfajiri na jua limetoka kali, matope yananata kama ugali wa muhogo. Moyo wangu ni mwepesi kuliko jana, ingawa bado una hofu.

Niandike ukweli kabla sijaupamba.

Kwa wasionijua: mimi ni karani wa utafiti, mtu wa Kibondo, na huu ni mkataba wangu wa kwanza tangu nimalize chuo. Tunapita nyumba hadi nyumba tukichukua tone la damu kidoleni. Maabara itaangalia kama damu hiyo ina kingamwili dhidi ya UVIKO, yaani kama mwili umeshakutana na kirusi au chanjo yake, ukajifunza kupigana. Kutokana na watu hao wachache tutakadiria ni wangapi wilaya nzima wenye kinga. Ndiyo maana nyumba zinachaguliwa kwa kura, na karani haruhusiwi kubadilisha hata moja.

Mimi nilibadilisha tatu.

Jumatatu, kule Kitanga, nyumba tatu za kwenye orodha zilikuwa na kufuli. Majirani walisema wenyewe wamehamia mashambani, ng'ambo ya bonde, kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Msimu huu ni kawaida yao. Mto ulikuwa umejaa. Naogopa maji, na niliogopa zaidi kurudi na fomu tupu. Nikaingia nyumba tatu za barabarani, kwa watu wakarimu waliokuwepo, nikaandika namba za zile zilizofungwa.

Jana nilipita dukani kwa Mzee Hamisi, mmoja wa hao wa barabarani, kununua sabuni. Akaanza kunitania mbele ya wateja: "Karani, damu yangu mmeshaipima? Maana kila kikohozi kinachopita barabara hii lazima kinipigie hodi mimi kwanza!"

Watu wakacheka. Mimi nikaondoka bila sabuni.

Alikuwa amesema kweli tupu. Mwenye duka anapumua pamoja na abiria wa kila basi. Aliye shambani tangu mvua zianze anapumua na mkewe na nyani. Nikimweka wa barabarani mahali pa wa shambani, hesabu itasema tuna kinga kubwa kuliko tuliyonayo, na chanjo itapelekwa kwingine. Atakayeumia ni yule ambaye sikumfikia.

Leo asubuhi nikamwendea msimamizi wetu, Mama Pendo, kabla hajanywa chai. Nilisimama mlangoni bila hata kumsalimia.

"Wewe, umeiba ng'ombe?" akaniuliza.

Nikamweleza yote. Akachukua orodha yangu, akapiga mstari juu ya namba tatu. Kisha akasema, "Hizo tatu zinafutwa. Ofisini nitawaandikia, na sikufichi, hatima ya mkataba wako siijui. Lakini gari lipo, na mto umepungua. Vaa buti."

Tulivukia kwenye gogo. Dada Neema, nesi wetu, alinishika mkono kama mtoto, akinicheka mwanzo hadi mwisho.

Familia ya kwanza tuliikuta kwenye kibanda cha nyasi: mama, mumewe na binti yao mkubwa. "Mwakeye," nikawaamkia kwa Kiha, lugha ya kwetu sote. Mama alisikiliza maelezo yangu huku akigeuza mahindi kwenye makaa, halafu akamgeukia mumewe.

"Kumbe na sisi wa huku tumo kwenye hesabu?"

"Mmo, mama," nikasema.

Akafuta kidole kwenye kitenge, akakinyoosha wa kwanza. Mumewe akageukia shambani. "Mwangalieni," mama akasema. "Nyani hawaogopi, anaogopa kisindano!"

Wote watatu walikubali. Damu yao itasema nini, sijui. Huenda makadirio yetu yakashuka. Yakishuka, angalau tutajua chanjo ianzie wapi.

Sijui kama mwezi ujao nitakuwa karani bado. Ila fomu za leo naweza kuzitetea mbele ya yeyote.

Zimebaki nyumba mbili, moja juu ya kilima ambako gari halifiki. Tunaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Yule mama wa leo sikuthubutu kumwambia kwamba Jumatatu nilijaza fomu yake kwa damu ya mtu mwingine. Hawa wa kesho je, niwaambie?

Nadhani nitawaambia.