Nani Atamvika Beji

Kambi ya wachimbaji, Dakota Kaskazini
16 Septemba 2012

Mwanangu Lynette,

Leo natimiza mwaka na miezi miwili tangu niondoke Alabama. Hujambo wewe na mumeo? Mimi ni mzima, ila mgongo hauachi kunikumbusha umri wangu. Chakula kipo, kitanda kipo, kazi ndiyo haina huruma. Tunashusha mabomba ardhini kucha kutwa, na upepo wa huku hauna adabu, unaingia mpaka kwenye meno.

Mama yako ananiambia hujafika kwake tangu sikukuu ya Julai. Sikusemi. Umeolewa, una nyumba yako, na kutoka Marlow hadi kule shamba si karibu. Lakini unamjua mama yako. Akiwa mpweke hasemi, huanza kukueleza habari za kuku wa jirani. Juzi kanieleza kuku hao mpaka simu ikazima mkononi.

Sasa nieleze hicho chama. Anasema umeitwa na akina mama wakubwa wa mjini. Ni wale wale wa jumba lenu la chuoni, mliokuwa mkiitana dada bila kuzaliwa tumbo moja? Kiwanda cha karatasi kilipokuwa bado kinafanya kazi niliingia zamu mbili nilipe ada yao, ili wakupokee pale, na mpaka leo sijui mlikuwa mkifanya nini zaidi ya kusimama mlangoni mmevaa sare na kuwaimbia wageni. Niandikie kama unavyosema nami, usiniandikie kama unavyowaandikia wakwe.

Baba yako,
Royce


Marlow, Alabama
4 Oktoba 2012

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na Preston anakusalimu. Pole na mgongo. Jifunge ule mkanda wa sufi, najua umeuweka chini ya godoro kwa sababu wenzako watakucheka.

Chama ni Umoja wa Akina Mama wa Kujitolea wa Marlow. Huombi kuingia, Baba. Ukiomba, umejifungia mlango mwenyewe. Unakaa kimya mpaka mwanachama akutaje, na hawezi kukutaja asiyekujua. Kwa hiyo karibu wote tunatoka majumba yale yale ya udada. Aliyenitaja ni Sutton Abernathy, ndiye alikuwa dada yangu mkubwa pale chuoni. Siku aliponipigia simu nilikaa chini jikoni nikalia.

Mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Tunauza nguo za mitumba kwenye duka la Umoja, tunawasomea watoto maktaba, na Desemba tunapeleka masanduku ya Krismasi kwa wenye shida. Hakuna kukosa zamu. Ukimaliza vizuri, mwezi wa nne kuna chai kubwa. Kila mwanachama mpya husimama mbele na mama yake mzazi, na mama ndiye anayemvika beji. Ni kibeji kidogo cha fedha, lakini mjini hapa watu hukitazama hicho kabla hawajakutazama usoni. Preston ndiyo kwanza amefungua ofisi yake ya uwakili, na wateja wa Marlow hupatikana kwenye chai hizo hizo.

Usinicheke. Nataka sana, Baba. Sijui kama nimewahi kutaka kitu hivi.

Binti yako,
Lynette


Kambi ya wachimbaji, Dakota Kaskazini
28 Oktoba 2012

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya ni nzuri, mkanda nimeuvaa, wamenicheka.

Barua yako nilimsomea Delbert, tunayelala naye chumba kimoja. Akasema, "Royce, kumbe wewe ni mkwe wa mabwana! Mbona unanuka mafuta kama sisi?" Nikamwambia harufu ni yangu, binti ni wangu pia.

Nilimpigia mama yako nikamweleza habari ya chai. Hakusema kuku hata mmoja. Kesho yake alikwenda kununua kitambaa cha buluu, sasa anashona gauni baada ya zamu yake ya kiwanda cha kukata kuku. Jana ananiuliza, "Royce, beji inavikwa kushoto au kulia?" Nikamwambia mimi ni mtu wa mabomba. Akasema, "Basi usiniharibie kichwa, nitamuuliza mwenyewe." Lakini hatakuuliza, anaona haya. Mwandikie wewe. Mwambie pia kama kofia inavaliwa. Hataki kukuaibisha mbele za watu.

Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akiimba kwenye simu. Sasa anaimba.

Baba yako,
Royce


Marlow
19 Desemba 2012

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na baridi haijakuzidi. Sisi tu wazima.

Nisamehe kwa kukawia, zamu zimekuwa nyingi. Masanduku ya Krismasi tumeshayagawa, na mwaka huu tulitoka mpaka nje ya mji. Sina cha kueleza zaidi.

Kuhusu ile chai, huenda mambo yakabadilika kidogo. Viti ni vichache, na mama yake Preston ni mwanachama wa siku nyingi. Wanasema itapendeza yeye akinivika. Tafadhali usimwambie Mama kwanza. Nitamwambia mwenyewe, kwa njia nzuri.

Krismasi njema, Baba. Kula vizuri.

Binti yako,
Lynette


Kambi ya wachimbaji, Dakota Kaskazini
11 Januari 2013

Lynette,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwaka mpya nilimpigia mama yako. Nikamuuliza gauni limefika wapi. Akasema limesimama. Kwa nini? Mikono. Mikono ina nini? Ndipo akatoa habari kwamba alipasuliwa vifundo vyote viwili vya mikono mwezi wa kumi na moja. Kukata kuku kumemla mishipa. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka kwenye vidole, anafungua mlango kwa kiwiko, na mimi huku namuuliza habari za kofia. Hukujua na wewe. Hilo siwezi kukulaumu peke yako.

Nikamuuliza, "Nani alikuwa anakupikia?"

"Watu wa kanisa. Tena mchungaji alitoa jina langu kwa akina mama wa mjini, wakaniletea sanduku la Krismasi. Paja zima la nguruwe, Royce, na keki."

"Akina mama gani?"

Akaanza habari za kuku wa jirani.

Nikamwambia, "Verna. Akina mama gani?"

"Wale wa aproni za kijani."

"Lynette alikuwepo?"

"Alikuwepo. Amependeza kweli. Amekonda kidogo."

"Akasema nini?"

"Akasema Krismasi njema."

"Akuambie wewe Krismasi njema kama nani? Wewe si mama yake?"

"Royce, usipandishe sauti. Aliingia wa mwisho, akaniona, rangi yote ikamtoka. Nikajua. Nimemzaa mimi, nitakosa kujua? Nikawahi mimi. Nikamnyooshea vidole vilivyobaki nje ya bandeji, nikasema, 'Na wewe mama, unaitwa nani?'"

"Akajibu?"

"Akajibu, 'Bi. Haygood.'"

Kisha mama yako akacheka, Lynette. Alicheka kama mtu aliyefanya jambo la maana. Akaniambia, "Wala hawakugundua." Akaniapisha nisikuandikie.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Delbert anadhani nimefiwa. Niambie ni nini kilichokufanya umpe mama yako jina la ukoo wa mumeo kama mgeni, kwenye chumba ulichojifunzia kutembea. Sitaki barua ya adabu. Nataka jibu.

Baba yako


Marlow
3 Machi 2013

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sitauliza afya yako, najua ilivyo.

Sikujua tunakwenda wapi. Tulikuwa wanne kwenye gari la Sutton, yeye ndiye mwenye karatasi ya anwani. Gari lilipokunja kona kwenye kile kisima kibovu, nikaanza kuomba Mungu tupite. Hatukupita. Sutton akasema, "Jamani, angalieni, maskini ana maua kwenye kopo la kahawa, Mungu ambariki." Wote wakasema ooh. Mimi pia nilisema ooh.

Ulitaka jibu. Chuoni, wikendi ya wazazi, wewe ulikuwa zamu na Mama nilimwambia wageni hawaruhusiwi. Alipokosa kuja mwaka wa pili tena, Sutton aliniuliza, "Kwani mama yako yupo?" Nikanyamaza. Akanikumbatia, akasema, "Pole sana, dada." Sikusema amekufa, Baba. Sikulisema neno hilo hata siku moja. Walilisema wao, nami nikawaacha. Kwenye Umoja waliponitambulisha, walisema huyu ni binti aliyejilea bila mama, mpokeeni. Wengine walitoa machozi. Nusu ya kupokelewa kwangu ni machozi hayo. Harusi yetu ilikuwa ya mahakamani bila wageni, na Preston peke yake ndiye anayejua.

Sasa niambie wewe. Ningesema nini pale mlangoni? Kwamba marehemu ndiye huyu, amefufuka, ana bandeji? Wasingenihesabu mtoto wa maskini tu, wangenihesabu mwongo. Umaskini wangeusamehe, wana masanduku yake. Uongo wangemrudishia Preston, na ofisi yake, na sisi sote.

Mama alinifungulia njia, nami nikaipita. Alipotuaga alimpa Sutton chupa ya mapichi yake, yale matunda anayoyapika kwa sukari, kwa vile hataki mgeni atoke mikono mitupu. Garini Sutton akasema, "Msile, hatujui yamepikiwa wapi." Wakacheka. Nilicheka nao. Chupa ilibaki kwenye sakafu ya gari. Nakuambia hili kwa sababu ulisema hutaki adabu.

Lakini na wewe unisikilize. Tangu nikiwa mdogo mlikuwa mkiniambia kitu kimoja, wewe na Mama: soma, usije ukawa kama sisi. Mlinivalisha, mkanipeleka kwenye lile jumba, mkabaki mbali kwenye gari ili wasichana wasiwaone. Wewe ndiye uliyesema, "Shuka hapa hapa, tusikuharibie." Nilishuka. Sijawahi kupanda tena, na sasa mnaniuliza niko wapi.

Nipe mpaka mwezi wa nne tu. Nikishavikwa nitakuwa mwanachama kamili, hawawezi kunitoa. Hapo nitawaeleza polepole. Mama nitamfidia, naapa. Tafadhali usipige simu kwa mtu yeyote hapa. Tafadhali usije.

Binti yako,
Lynette


Kambi ya wachimbaji, Dakota Kaskazini
9 Aprili 2013

Mwanangu Lynette,

Ni mwaka na miezi tisa sasa tangu nitoke nyumbani. Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Theluji bado haijaisha, lakini jua limeanza kukaa mpaka jioni.

Barua yako nimeisoma. Habari ya kubaki mbali kwenye gari ni kweli. Mimi ndiye niliyesema ushuke pale. Mama yako alikuwa ameshafungua mlango wake, nikamshika mkono.

Sikumsomea habari ya mapichi. Habari ya kufa nilimwambia, kwa sababu nilifikiri atakasirika, na nilitaka nimuone amekasirika mara moja katika maisha yake. Nilisikia anavuta kiti. Kisha akasema, "Walisema nilikufa kwa ugonjwa gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Maskini, alikuwa akiubeba peke yake miaka yote hiyo." Anakuhurumia wewe. Mimi niliweka simu kitandani nikatoka nje bila koti.

Nilitaka kuja kwenye chai yenu. Nilikwisha kujiona nimesimama pale mlangoni na buti zangu, nikitangaza kwa sauti mke wangu ni nani. Mama yako akanijua kabla sijasema. "Ukimfanyia mtoto hivyo, Royce, usikanyage kwangu." Kwa hiyo usiogope. Hakuna atakayekuja. Mama mkwe wako akuvike.

Wewe umeomba mpaka mwezi wa nne. Mama yako hakuomba kitu, na mimi nimechoka kumwona mtu asiyeomba akisubiri. Kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: wewe mwenyewe unataka nini? Akapiga kesho yake, akasema, "Nataka kukaa mahali ambapo watu wanajua niko hai."

Jiko la kambi hapa linatafuta mpishi. Mikono imepona kiasi cha kushika mwiko. Nilimsemea, wamekubali, na tumepewa chumba chetu. Delbert anahamia kwa wengine, analalamika kama mke aliyeachwa. Nyumba tumemwachia binamu yangu Harlan na watoto wake. Kwa hiyo ukienda kule baada ya siku ile utamkuta Harlan, na yeye hatakuuliza jina.

Mama yako alisema nisikuandikie mpaka tuwe tumefika huku, asikuharibie siku yako. Nakuandikia kwa sababu mimi si mwema kama yeye. Nataka ujue ukiwa bado na nafasi ya kuchagua. Sitakuambia uchague nini. Nilikuchagulia mara moja, pale kwenye gari, na umeona.

Siku waliyonipa ruhusa ni ile ile ya chai yenu, sikuipanga mimi. Nafika kule shamba Jumamosi tarehe ishirini, asubuhi mapema, na lori la kukodi. Tutapakia kitanda, cherehani na vyombo vyake. Chai yenu inaanza saa nane. Sisi saa sita mchana tutakuwa tumeshaondoka.

Baba yako,
Royce