Mtoto Aliye Nyuma ya Kioo

Jumatatu, 30 Septemba 1991

Nusu mwezi ya kuwakumbuka wafu inakwisha. Jumatatu ijayo, siku ya giza la mwezi, nitawawekea matonge yao ya wali baba, babu na baba wa babu. Kama kila mwaka.

Asubuhi amekuja mgeni kutoka Pune. Revati Kelkar. Amevaa suruali, nywele fupi – lakini alivua viatu bila kuambiwa. Anatafuta filamu bubu zilizotengenezwa hapa Kolhapur kabla sijazaliwa. Nikamwambia humu hamna filamu, mna vitabu na mwalimu mstaafu. Akacheka. Filamu zenyewe hazipo tena, anasema. Nyingi ziliungua studio iliposhika moto. Zilizosalia zilichemshwa ili madini ya fedha yaliyomo yatolewe, na utando wake ukauzwa kwa watengeneza bangili.

"Labda mama yako alizivaa mkononi, Mwalimu!"

Sikuupenda mzaha huo.

Anachosaka sasa ni picha. Zamani, picha za waigizaji waliojivika uungu ziliuzwa mlangoni mwa sinema, na watu wakazitundika kwenye madhabahu za nyumbani. Basi yeye hupita nyumba kwa nyumba akiomba kuona miungu ya watu. Kazi gani hiyo!

Nikamwonyesha madhabahu yetu ili aondoke. Akaiona picha ya mungu Krishna akiwa mtoto, ile ya marehemu mama. Halafu akakaa sakafuni.

Jumatano, 2 Oktoba

Siku mbaya.

Revati amerudi akiwa na hakika. Mto ulio nyuma ya mtoto ni Panchganga, ngazi zile ni za hapa mjini. Filamu ni ya mwaka 1921. Haijabaki hata picha moja yake katika nchi nzima – isipokuwa hii. Akaomba kuishusha. Nikamwambia haigusi mtu ambaye sikumwona akioga. Nikaishusha mwenyewe. Uzi ulikuwa umeoza, ikaniponyoka.

Kioo kimepasuka, kuanzia begani kwa mungu hadi majini.

Akka, dada yangu, alitoka jikoni mikono imejaa unga. Ana miaka themanini, na ndiye aliyenilea. Akatazama. Akarudi jikoni. Hajala tangu hapo.

Revati alijaribu kuipiga picha. Kamera haioni kitu, kivuli tu. Moshi wa ubani umeingia ndani, unyevu umeigandisha karatasi kwenye kioo. Anasema Pune wako mafundi wanaoweza kuibandua taratibu na kuusafisha uso. Akaomba aichukue. Nikajibu nitafikiri.

Uongo. Hakuna la kufikiri. Kitu cha ibada kikivunjika hakiabudiwi tena, hakiwekwi, hakigawiwi. Kinapelekwa mtoni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimemwendea kuhani, Narhari. Alikuwa mwanafunzi wangu. Nikamuuliza kama kuna nafasi yoyote ya kuiokoa picha. Kuuliza si dhambi.

Alikuwa akila. Akacheka mpaka wali ukamtoka mdomoni.

"Mwalimu! Wewe? Ulinichapa viboko kwa kuruka neno moja la sala, leo unanitafutia mlango wa nyuma?"

Nikamwambia anyooshe jibu.

"Jibu ni lile ulilonifundisha. Ikiwa ni mungu, imevunjika, inakwenda mtoni. Nitakuja Jumatatu kwa ajili ya wazee wako. Tukimaliza, tunashuka nayo."

Yuko sahihi. Nilimfundisha vizuri mno.

Jumamosi, 5 Oktoba

Akka anakunywa maji tu. Picha nimeifunika kitambaa.

Revati alikuja jioni. Nilikuwa chumbani, nikawasikia mlangoni. Akka alimuuliza huyo mtoto anamtakia nini.

"Nataka ajulikane, bibi. Watu wote waliotengeneza filamu ile wamekwisha. Amebaki yeye."

"Jina lake nani?"

"Hilo ndilo silijui. Nimeuliza mji mzima. Hakuna anayelijua."

Kisha nikasikia Akka akifunga mlango, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Jumapili, 6 Oktoba

Akka ameniita jikoni. "Bapu, kaa." Nikakaa.

"Yule si Krishna. Ni Dinu."

Nilijua nilikuwa na kaka, Dinkar, aliyekufa kwa homa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ndivyo nilivyoambiwa, na nyumbani kwetu mtoto hakuuliza mara mbili. Kumbe!

Watu wa filamu walipita mtaani wakitafuta mtoto mwenye nywele za mawimbi. Baba asingekubali kamwe – msomi wa maandiko, atoe mwana akachezee kamera pamoja na walevi? Lakini baba alikuwa Nashik. Mama akampeleka. Ilikuwa Januari. Walimsimamisha mtoni tangu alfajiri, kwa sababu walitaka jua linapochomoza. Asubuhi baada ya asubuhi. Akka alikuwa akimshikia shali ukingoni.

"Akitoka meno yanagongana. Wanampa jalebi tamu, anacheka, wanamrudisha. Alilia baridi, Bapu. Yule mwenye kamera akasema lia kesho, leo wewe ni mungu."

Kifua kikabana. Akafa kabla filamu haijaonyeshwa. Miaka saba, hajavishwa uzi mtakatifu. Na asiyevishwa uzi hahesabiwi miongoni mwa wazee. Hana tonge. Baba alimweleza mama hivyo, kwa upole, akimsomea na aya zenyewe. Nazijua. Nimezifundisha.

Basi mama akaenda mlangoni mwa sinema, akapangana na watu, akanunua picha ya mwanawe. Akaitundika kati ya miungu. Kila asubuhi siagi na sukari mbele yake. Mimi nilidhani ni sadaka. Kilikuwa chakula cha mtoto.

Na baba, ambaye hakuwahi kutia mguu sinema, aliinama mbele ya picha ile kila siku mpaka alipokufa. Uso uliopakwa rangi hakuutambua! Mimi nami nimeinama, tangu nilipojua kusimama.

Nikamwambia Akka kwamba hili ni kosa. Picha ya maiti haikai na miungu. Ni kosa la miaka sabini.

"Najua. Wewe ndiye uliyesoma. Haya niambie, akae wapi?"

Nikatafuta jibu. Kwa wazee hapokelewi. Kwa miungu haruhusiwi.

"Kwa huyo binti wa Pune wamwoshe uso kama wanataka," akasema. "Lakini usimrudishe majini. Nakuomba. Usimrudishe."

Akaanza kukanda unga.

Nimewaza mchana kutwa. Ikiwa ni mungu, Narhari ataizamisha. Ili isizame lazima niseme mbele yake kwamba si mungu. Niseme mama yangu alidanganya nyumba nzima, na baba akamsujudia mwanawe mfu. Kesho mchana mji mzima utakuwa unalicheka jina letu, na Narhari ndiye atakayeanza.

Jumatatu, 7 Oktoba

Narhari amewahi. Amekuja na kitambaa chekundu cha kufungia picha. Amekwisha kuifunga, imelala kizingitini. Anasifu harufu ya jikoni. Anasema baada ya mto atakula vizuri.

Akka amepika wali wa matonge. Yeye bado hajaonja kitu.

Revati yuko ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Sikumwita. Hasogei.

Nilikaa chini, nikaelekea kusini kama inavyotakiwa. Ufuta, maji, wali. Nikafinyanga la baba. La babu. La baba wa babu. Wali ukabaki kidogo kwenye sinia. Ulikuwa bado moto. Nikaufinyanga. Likawa dogo, la kutosha kiganja cha mtoto. Nikaliweka kando ya matatu.

Narhari akaacha kusoma. Akahesabu kwa kidole.

"Mwalimu. Matonge manne? Hilo la nne la nani?"

Nikamwambia asubiri, naingia kuchukua miwani.

Ndiyo maana niko humu chumbani, naandika. Miwani iko usoni kwangu. Narhari aliiona.

Kunguru wanaongoja matonge wameshatua ukutani. Narhari anauliza tena, kwa sauti ya juu sasa, anacheka: Mwalimu kazeeka, kasahau kuhesabu!

Kisha nasikia hatua za Akka zikitoka jikoni. Anakaa chini, karibu na kizingiti. Anamwambia anyamaze.

"Ngoja. Anakuja kukutajia jina."